Kikohozi cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikaa nyumbani kwetu Mwankoko wiki tatu nzima, na katika wiki hizo sikumwona uso hata mara moja. Nikisimulia hivi watu wa mjini wanacheka, wengine wananionea huruma. Mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma ya kioo na mhuri mkononi, hakucheka wala hakunihurumia. Aliandika tu kwamba hakuridhika.

Nianzie mahali panapoeleweka. Mimi nina mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mke wangu alikuja Singida kutoka nchi ya mbali, ya baridi, kufundisha sayansi sekondari kwa mwaka mmoja. Alikuja mashineni kununua mashudu ya kulisha kuku wake, maana alikuwa amenunua kuku wa kienyeji kabla hajanunua hata kitanda. Nikamwambia mwalimu, kuku wa huku hawalishwi mashudu matupu, utawaua. Akaniambia basi njoo uwaone. Mwaka wake mmoja ukaisha na hakuondoka.

Tulipotaka kuoana, mama yake alikuja harusini. Baba yake alishafariki, na yeye ni mtoto wa pekee, kwa hiyo ukoo mzima wa upande wa pili ulikuwa mama huyo mmoja na sanduku lake. Upande wangu tulikuwa kijiji.

Sasa, nyumbani kwetu mkwe hatazamwi. Mwanaume na mama aliyemzalia mke hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, hawakutani macho. Akija huku, wewe unapita kule. Vijana wengi wa mjini wameshaachana na mambo hayo, wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, na siwasemi vibaya. Lakini mimi nililelewa Sepuka na shangazi yangu, dada wa baba, baada ya mama yangu kufa ningali sijajua hata kutembea. Shangazi yangu hana mchezo na ukwe. Aliniambia, "Huyo mama ametoa mtoto wake mmoja, akakuachia wewe, tena umpeleke kwenye vumbi la alizeti. Utamtazama kwa macho gani?"

Siku mama alipofika, sikwenda stendi. Nilimtuma mdogo wangu. Shangazi ndiye aliyempokea mlangoni, akamketisha, akamweleza taratibu zote kwa Kiswahili chake cha Sepuka, mke wangu akawa anatafsiri. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya gunia la alizeti kama mtu anayesubiri hukumu. Nilisikia mama akiuliza kitu, kisha shangazi akijibu, kisha mama akacheka kidogo. Baadaye nilimuuliza mke wangu mama alisema nini.

"Ameuliza, atajuaje kama unakuja, asije akakugonga."

"Shangazi amemjibu nini?"

"Amemwambia akohoe."

Basi akakohoa. Wazungu bwana, ukiwaambia kitu wanakishika mpaka mwisho. Kila akitoka chumbani alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. Nami nikiwa uani nilikohoa mara mbili kumjibu, halafu nikazunguka upande wa pili wa nyumba. Asubuhi akienda bafuni, vikohozi viwili. Jioni nikirudi kutoka mashineni, vikohozi viwili. Majirani walidhani tumeingiliwa na mafua. Siku ya tatu nikagundua kwamba ninaisubiri sauti ile.

Mtu asiyemtazama mwenzake anamwona kwa njia nyingine. Niliiona miguu yake, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini. Alivaa viatu vya kamba vya rangi ya udongo, na cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, maana mguu ule aliukanyagia pembeni. Alikuwa akiosha vyombo anaimba puani, wimbo uleule, na akifika mahali fulani anasahau, anaanza upya. Chai yetu ya sukari nyingi aliipokea kwa asante, akainywa nusu, nusu akaimwagia mchicha wa shangazi akidhani hakuna anayemwona. Nilikuwa nyuma ya banda la kuku, nikaona vile viatu vikiusogelea mchicha taratibu. Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakashtuka.

Siku moja ovaroli yangu ya kazi ilichanika kiwiko kwenye mkanda wa mashine. Niliitundika kwenye msumari uani, nikasahau. Kesho yake nikaikuta pale pale, kiwiko kimetiwa kiraka cha kitambaa cha bluu, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo na imepangana vizuri kuliko ya fundi. Nilisimama uani nimeishika ile ovaroli, nikakohoa mara mbili kuelekea dirishani kwake. Akakohoa. Mimi mtu mzima, mwenye mashine na wafanyakazi, nililia pale uani. Hakuna mama aliyewahi kunishonea nguo.

Ukwe wetu haukai umefungwa milele. Unafunguliwa. Upande wa mwanaume unapeleka shuka na asali, anachinjwa mbuzi, kisha mama mkwe anamlisha mkwe wake tonge kwa mkono wake mwenyewe na kumwita mwanangu. Baada ya hapo anaweza kumtazama na kuongea naye kama mzazi. Wazee walikaa wakasema, mbuzi aliyepo amekonda kwa kiangazi, tusimwaibishe mgeni. Atakuja tena baada ya mavuno, tumfungulie na mbuzi aliyenona. Mbuzi akachaguliwa, jike jeupe, akaachwa Sepuka kunenepa. Hakuna aliyejiuliza kama mama atarudi kweli. Kwetu mkwe aliyekula ugali wako lazima arudi.

Hakurudi. Moyo wake ulianza kumsumbua, na madaktari wa kwao wakamkataza kupanda ndege. Yule mbuzi alinona, akazaa, na watoto wake wakazaa.

Mama na mke wangu waliongea kwa simu kila Jumapili, wakionana kwenye kioo cha simu. Mimi nilikaa pembeni, nje ya picha, nikisikiliza lugha nisiyoijua. Mwisho wa kila maongezi mama alikohoa mara mbili, nami nikajibu. Kwa lugha yao alikuwa akiniita jina ambalo mke wangu alilitafsiri kama "mwenye kikohozi". Jumapili moja mke wangu alikata simu akabaki ameishika mapajani.

"Anataka twende," alisema. "Wote wawili. Anasema hataki kufa na mkwe ambaye hajafunguliwa."

"Amesema hivyo? Hajafunguliwa?"

"Amesema hivyohivyo, mzee. Amelisema neno lenyewe kwa Kiswahili."

Ananiita mzee tangu siku ya harusi, kwa kunitania. Siku hiyo hakuwa anatania.

Yeye kwenda kwao ilikuwa ni kupanda ndege tu. Mimi nilihitaji viza ya matembezi, na hapo ndipo nilipojua kwamba kutembelea mkwe ni jambo la kuthibitishwa. Nilikusanya leseni ya biashara, taarifa za benki, barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye mhuri uliofifia hadi akaupiga tena juu yake, cheti cha ndoa, picha ya mashine, picha ya mimi nimesimama mbele ya mashine. Mke wangu alipanga kila kitu kwenye faili kwa utaratibu wa mwalimu. Kisha wakataka picha zetu na familia ya mke. Tukatoa zile za harusi, tukazitandaza kitandani, na mke wangu akaanza kucheka. Kicheko kikamkatika katikati.

Hakukuwa na picha hata moja ambayo mimi na mama yake tumeelekea upande mmoja. Kanisani yeye yuko benchi la mbele ametazama madirisha, mimi nimetazama viatu vyangu. Kwenye picha ya familia yeye yuko mwisho wa kulia ameangalia nje ya picha, mimi niko mwisho wa kushoto nimempa mgongo. Ukizitazama ungeapa ni watu wawili wenye kesi mahakamani.

"Tuziweke tu," nikasema. "Ndizo tulizo nazo. Heshima si utumwa."

"Wao hawajui kama ni heshima."

"Watauliza. Kuuliza si ujinga."

Waliuliza. Tulisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, tukalala kwa ndugu, asubuhi nikaingia peke yangu maana ndivyo inavyotakiwa. Aliyenihoji alikuwa kijana wa kwao mwenye Kiswahili kizuri cha darasani, mpole, anayesema tafadhali kila baada ya maneno mawili. Aliuliza habari za mashine nikajibu. Aliuliza mke wangu anafundisha nini, tulikutana wapi, nikajibu hadi habari za kuku. Akazipanga zile picha mezani.

"Umewahi kukutana na mama mkwe wako?"

"Ndiyo. Alikaa kwetu wiki tatu."

"Tafadhali nieleze, yukoje? Sura yake."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nikiaibika hasira zinakuja haraka zaidi. Niliona kama kijana mdogo ananivua nguo hadharani. Nimwambieje mtu wa umri wa wadogo zangu habari za ukwe, kwenye kioo, na nyuma yangu kuna watu wamepanga foleni?

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Macho yake yana rangi gani? Anavaa miwani?"

"Sijui."

"Mbona kwenye picha zote mmepeana migongo? Kuna ugomvi?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani," nikamjibu, na sauti yangu nilijua imepanda. Akaandika. Alinishukuru, tafadhali, akamwita mwingine.

Jibu lilikuja na pasipoti ndani ya bahasha. Hawakuridhika kwamba uhusiano wangu na familia ninayokwenda kuitembelea ni kama nilivyoueleza. Mke wangu aliisoma amesimama jikoni Mwankoko, sufuria ya maharage ikiunguzwa na jiko.

"Ungesema tu!" alinifokea. Mke wangu akikasirika Kiswahili chake kinakuwa cha Singida kabisa. "Ungesema ana macho kama yangu! Ana pua kama yangu! We bwana, mimi hunitazami?"

"Sikujua kama mnafanana."

"Ungedanganya basi!"

"Nimdanganyie mama yako sura?"

Akatupa mwiko kwenye karai, akatoka. Nilibaki nikipakua maharage yaliyoungua na kuyala kwa ukaidi, kijiko baada ya kijiko, kama ndiyo adhabu yangu. Baadaye alirudi akakaa karibu yangu, akachukua kijiko akala na yeye. Hakusema amenisamehe. Alisema yameungua sana.

Angeweza kwenda peke yake. Mimi nilimwambia aende. Lakini kila alipomwambia mama yake kwamba atakuja mwenyewe, mama alimwuliza mwenye kikohozi yuko wapi. Akatuambia tujaribu tena, yeye atasubiri. Usiku mmoja mke wangu aliniambia neno ambalo lilinitia baridi. Alisema, "Tukikataliwa tena nitakwenda. Na nikienda sitamwacha peke yake, nitakaa mpaka mwisho wake. Sijui ni mwezi au ni miaka." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa amenishika kidole gumba kama anavyonishika akiogopa. Nikajua kwamba kwenye lile faili hakuna safari tu, kuna nyumba yangu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa dirishani kwa nje nikinoa jembe, wao wanaongea ndani. Walipomaliza nikajibu kikohozi, nikaingia.

"Mama yako leo hajaamka," nikasema. "Anaongea akiwa amelala. Na anakuficha."

Mke wangu alinikazia macho. "Kamera aliielekeza dirishani. Kasema anataka nione theluji. Wewe umejuaje?"

"Sauti inatokea chini ya kifua. Na kikohozi cha pili kimechelewa. Kikohozi chake cha pili huwa hakichelewi."

Alipiga simu kwa jirani wa mama yake pale pale. Ilikuwa kweli, alikuwa amelala kitandani tangu katikati ya juma, na alimkataza jirani kusema. Mke wangu aliweka simu chini. Nilidhani atalia, naye akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Haya ndiyo ungemwambia yule kijana," alisema. "Hayahaya. Unamjua mama yangu kuliko ninavyomjua mimi, halafu umekwenda kule ukasema sijui, sijui."

"Aliniuliza sura."

"Mwambie usichoulizwa."

Tulikwenda Sepuka kumweleza shangazi, maana huwezi kulipeleka jambo la ukwe kwa wazungu mara ya pili bila yeye kujua. Tulimkuta anapepeta uwele, na hakuacha kupepeta. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kila mmoja na lake, akasikiliza yote. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulimwambia hayo ni mambo ya nyumbani."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe unaomba kwenda wapi? Si nyumbani kwao? Sasa ulitaka akuulize habari za sokoni?"

Mke wangu aliangalia pembeni ili asicheke. Mimi sikuwa na pa kuangalia.

Shangazi aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na shuka jipya lililokunjwa na chupa ya asali ya porini iliyofungwa kwa kitambaa. Alivinunua mwaka ule ule wa harusi, vilikuwa vimekaa sandukuni. "Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Mbuzi hatapanda ndege, atabaki hapa. Akishakulisha tonge, urudi uniambie, ndipo nichinje. Usiporudi, mbuzi atakufa kwa uzee na mimi nitakufa na deni la watu."

Mara ya pili nilimkuta kijana yule yule. Alinikumbuka, nikaona kwa jinsi alivyonyoosha mgongo. Picha zile zile zikawekwa mezani, na akauliza swali lile lile kwa upole ule ule.

"Uso wake siujui," nikamwambia. "Kwetu mkwe hatazamwi mpaka afunguliwe, na mama huyu tulichelewa kumfungua, kosa ni letu. Lakini nitakwambia ninachokijua."

Nikamwambia. Nilimweleza kiatu cha kushoto kilicholika nje. Nilimweleza ule wimbo wa puani, nikamwimbia mpaka pale mama anaposahau, na kijana yule akaacha kuandika. Kumbe ulikuwa wimbo wa watoto wa kwao. Akanimalizia mistari miwili kwa sauti ya chini, halafu akatazama kama wenzake wamemsikia. Nilimweleza chai na mchicha. Nilimweleza kikohozi, kile cha kwanza na kile cha pili, na jinsi nilivyojua kwamba yuko kitandani mgonjwa. Nilikuwa nimevaa koti, lakini mkononi nilikuwa nimebeba ovaroli ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaitoa nikaibandika kwenye kioo, kiwiko mbele, aione ile mishono.

"Sina picha yake na mimi," nikasema. "Nina hii."

Aliitazama kwa muda. Akauliza swali moja tu la mwisho, kama nitarudi, na kwa nini. Nikamweleza mashine, nikaona haandiki. Nikamweleza mbuzi, akaandika.

Viza ilitoka. Mke wangu aliifungua ile bahasha stendi ya Singida, akakaa chini juu ya begi la mtu asiyemjua, na mwenye begi akampa pole akidhani amefiwa.

Sitasimulia ndege. Nilikwenda nimeshika asali kama nimeshika mtoto, kisha wakanilazimisha kuiweka kwenye begi la chini, nikakaa safari nzima roho juu. Haikumwagika. Tulifika kwenye mji mdogo wenye nyumba zilizobanana, baridi ikiingia hadi kwenye meno. Mke wangu alitangulia kuingia. Mimi nilibaki nje ya mlango na shuka mkononi, maana nilikuwa sijakaribishwa, na ghafla nikaogopa. Niliogopa kwamba ndani mna mgonjwa tu, mama wa kizee wa kizungu, aliyesahau michezo ya Mwankoko.

Nikakohoa mara mbili.

Kimya. Halafu kutoka ndani, dhaifu, kikohozi kimoja. Nikasubiri. Kikaja cha pili.

Niliingia nimeinamisha kichwa. Niliona zulia, miguu ya kiti, kisha miguu yake, imevimba, imevaa soksi nene, na wa kushoto umelalia upande wa nje vilevile. Ningeitambua popote. Nilipogeuza macho pembeni nisimwone, yakaangukia ukutani, kwenye picha yetu ya harusi. Mke wangu ametabasamu kwenye gauni lake. Pembeni yake kuna suti yangu, na juu ya shingo ya suti kimebandikwa kipande kidogo cha kitambaa cha bluu. Ni kile kile cha kiraka changu.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Hata yeye hakujua. Kila alipompigia simu, mama alikuwa anakaa ameielekea picha ile, simu ndiyo ikiipa mgongo.

Shangazi alimwambia, siku ile ya kwanza, kwamba mkwe hatazamwi. Alimwambia kwamba wote wawili hawatazamani. Sisi tuliisahau nusu ya pili, tukadhani ni mimi tu ninayeinamisha macho. Miaka yote mama yule, peke yake, kwenye nchi ambayo hakuna mtu angejua wala kumlaumu, alikuwa ananifunika uso ukutani kwake kwa sababu alimwahidi shangazi yangu.

Nilipiga magoti, nikamtandikia shuka mapajani. Mke wangu akafungua asali. Hawakuwa na ugali, walikuwa na mkate. Mama alimega kipande, akakichovya, akanyoosha mkono kunilisha bila kuona anakoupeleka, asali ikanipaka kidevuni na puani kabla haijafika mdomoni. Nikala. Nikangoja.

"Mwanangu," alisema, kwa Kiswahili.

Nikainua kichwa. Mke wangu alikuwa amesema kweli, macho ni yake, pua ni yake. Lakini macho yale sikuyaona mara moja, kwa sababu alikuwa ameyafumba, ameyabana kwa nguvu kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha, na machozi yakitoka pembeni.

"Mama," nikamwambia. "Nipo hapa. Nitazame."

Akayafungua. Alinitazama paji la uso, mdomo, kidevu chenye asali, akarudi juu, akachukua muda wake wote, na mimi sikuinamisha macho. Kisha akasema kitu kirefu kwa lugha yao. Mke wangu alijaribu kutafsiri, akashindwa kwa kicheko na kilio, akajaribu tena.

"Anasema," aliniambia, "miaka yote hii alikuwa anafikiri una masikio madogo."